Bahili Anaanza Kuimba Lini? Kuchagua Kati ya Filamu za Muziki za Hadithi ya Krismasi ya Dickens

Anayetaka kuitazama hadithi ya Ebenezer Scrooge ikiwa imetiwa nyimbo hakosi pa kuchagua, kwa kuwa watunzi wa muziki wameirudia mara nyingi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, shindano lenyewe limebaki kati ya filamu mbili: Scrooge, iliyotoka mwaka 1970 ikiongozwa na Ronald Neame, na The Muppet Christmas Carol, iliyotoka Desemba 1992 ikiongozwa na Brian Henson. Zote mbili zilipigwa picha katika studio za Shepperton, karibu na London, na zote zinasimulia usiku uleule wa mkesha wa Krismasi ambamo mzee mmoja mwenye fedha nyingi na huruma kidogo anatembelewa na waliokufa na wasio wa dunia hii. Nimezitazama zote mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila ninapoulizwa ni ipi bora, najikuta namrudishia mwulizaji swali jingine: je, unataka bahili anayeimba tangu mwanzo, au bahili anayenyamaza mpaka moyo wake uvunjike? Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalozitenganisha filamu hizi kuliko tofauti ya miaka 22 iliyo kati yake, na kuliko hata ukweli kwamba moja ina waigizaji binadamu tu na nyingine imejaa vikaragosi.

Kabla ya kulinganisha, inafaa kukumbuka kilichoandikwa. Charles Dickens alikitoa kitabu chake kifupi, A Christmas Carol, tarehe 19 Desemba 1843, kikiwa na michoro ya John Leech, na nakala 6,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kufikia mkesha wa Krismasi. Jina la kitabu ni la wimbo, na sura zake tano mwandishi hakuziita sura, bali alizipa neno litumikalo kwa beti za wimbo, kwa hiyo watunzi waliokuja baadaye hawakuingiza muziki mahali pasipo pake. Lakini chini ya wimbo huo kulikuwa na hasira. Mwaka uleule Dickens alikuwa ameisoma ripoti ya serikali kuhusu watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi migodini na viwandani, akakusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini, kisha akaona kwamba hadithi ingepiga kwa nguvu zaidi. Yeye mwenyewe, mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa ametumwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu huku baba yake akiwa amefungwa katika jela ya Marshalsea kwa sababu ya madeni. Scrooge anapoombwa mchango wa maskini na kuuliza kama hakuna jela, na kama nyumba za kazi za maskini zimeacha kufanya kazi, hasemi mzaha. Anazitaja taasisi ambazo kila msomaji wa London alizijua na kuziogopa. Filamu ya muziki inayoitia hadithi hii sukari mpaka ladha ya njaa ipotee imekosea njia, hata nyimbo zake ziwe tamu namna gani.

Kiswahili kina usemi unaomfaa Scrooge vizuri kuliko maelezo marefu: ana mkono wa birika. Kina pia faida nyingine ndogo, kwamba tunaweza kumwita marehemu Jacob Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba kabla, mzimu, kwa kuwa ni mtu aliyeishi akafa, na wale watatu wanaomfuata, wa Krismasi iliyopita, ya sasa na ijayo, tukawaita mizuka, kwa kuwa hawakuwahi kuwa binadamu. Tofauti hiyo nitaitumia humu, kwani filamu zote mbili zinawashughulikia wageni hawa kwa namna isiyofanana kabisa.

Katika filamu ya 1970, Leslie Bricusse aliandika mswada, akatunga nyimbo na maneno yake, na umoja huo wa mkono unasikika. Scrooge wake ni Albert Finney, ambaye alipoigiza hakuwa amefikisha hata miaka 35, na ambaye kwa msaada wa vipodozi, mgongo uliopinda na sauti ya kukwaruza aligeuka mzee mwenye kinyongo, kisha akavua vyote hivyo na kuwa kijana mchumba katika sehemu za zamani. Hilo ni jambo ambalo filamu nyingi za hadithi hii haziliwezi: hapa mzee na kijana ni uso mmoja, na mtazamaji analiona lililopotea bila kuhitaji kuambiwa. Uigizaji huo ulimpatia Finney tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa filamu za muziki au vichekesho, na filamu yenyewe iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ingawa haikupata hata moja.

Scrooge huyu anaimba mapema. Wimbo wake wa kwanza ni tangazo la chuki dhidi ya binadamu wote, na anauimba bila aibu, kama mtu anayesoma orodha ya wadeni wake. Na wadeni ndio kiini cha filamu hii. Bricusse alimfanya Scrooge kuwa mkopeshaji anayejulikana mtaani kote, ambaye mkesha wa Krismasi anapita kwa wachuuzi kudai fedha zake, mmoja wao akiwa muuza supu aitwaye Tom Jenkins, huku watoto wakimfuata nyuma na kumdhihaki kwa wimbo wa kumwita Baba Krismasi. Wimbo huo wa dhihaka utarudi mwishoni ukiwa na maana iliyogeuka, bahili akiwa amevaa kweli mavazi mekundu. Mchezo wa namna hiyo, wa kuucheza wimbo mara mbili, mara ya kwanza ukiwa na sumu na mara ya pili ukiwa na asali, ndio ustadi mkubwa wa Bricusse, na hakuna mahali alipoutumia vizuri zaidi kuliko katika "Thank You Very Much".

Sehemu hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kwangu ndiyo inayoipa filamu ya 1970 haki ya kushindana. Mzuka wa Krismasi ijayo anampeleka Scrooge mtaani, na hapo anakuta umati umekusanyika kwa furaha ukimshukuru yeye kwa jambo kubwa alilowatendea. Scrooge, ambaye katika maisha yake hajawahi kushukuriwa na mtu, anafurahi hata kulia, anajiunga na umati, anacheza na kuimba pamoja nao. Haoni anachokiona mtazamaji: jeneza linatolewa nje, Tom Jenkins anapanda juu yake na kucheza ngoma, na jambo kubwa alilowatendea ni kufa, kwa kuwa kifo chake kimeyafuta madeni yao. Aliyekisoma kitabu atakumbuka kwamba Dickens ana mbegu ya jambo hili: katika sura ya nne kuna mume na mke wanaodaiwa, ambao wanapata habari za kifo cha mdai wao na, kwa aibu, wanajikuta wamepumua. Bricusse aliichukua aya hiyo fupi na kuigeuza kuwa sherehe ya mtaa mzima. Ni wimbo wa kuchekesha na wa kutisha kwa wakati mmoja, na sijaona filamu nyingine ya hadithi hii iliyoeleza kwa uwazi kiasi hicho maana ya kuwa mtu ambaye kufa kwake ni nafuu kwa wengine. Asubuhi ya Krismasi, Scrooge anapowasamehe wadeni wake, wimbo uleule unaimbwa tena, na safari hii anashukuriwa akiwa hai.

Upungufu wa filamu hii nao si mdogo. Ni ndefu, kiasi cha dakika 113, na nyimbo zake haziko katika kiwango kimoja. Kuna za nyumbani kwa Bob Cratchit, karani wa Scrooge, na za watoto dirishani mwa duka la vitu vya kuchezea ambazo ni za hisia nzuri lakini hazikai kichwani. Mzimu wa Marley anaigizwa na Alec Guinness kwa namna ya ajabu, akielea na kuyumba kana kwamba yuko chini ya maji, na wapo wanaompenda kwa hilo na wapo wanaomwona kichekesho pasipokusudiwa. Mimi niko upande wa kwanza. Edith Evans, kama mzuka wa Krismasi iliyopita, ni bibi mkali mwenye adabu ya kizamani badala ya kiumbe wa nuru aliyeelezwa kitabuni. Na karibu na mwisho iko sehemu ambayo haimo kitabuni hata kidogo: Scrooge anatumbukia kaburini na kujikuta jehanamu, ambako Marley anampokea na kumwonyesha ofisi yake mpya, yenye baridi na panya, ambamo atakuwa karani wa Lusifa kama Bob Cratchit alivyokuwa karani wake. Kisha unaletwa mnyororo wake, uliofuliwa kwa matendo yake mwenyewe, ukiwa umebebwa na majitu yenye vifua wazi. Mtu mzima ataiona sehemu hiyo ni kejeli nzuri. Mtoto wa miaka sita anaweza asilale usiku huo. Vituo vya televisheni vya Marekani vilizoea kuikata.

Filamu ya 1992 ilizaliwa katika msiba. Jim Henson, aliyewaumba Muppets, alikuwa amefariki Mei 1990, na Richard Hunt, mmoja wa wachezaji wakuu wa vikaragosi hivyo, alifariki Januari 1992. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu yao wote wawili. Aliyeiongoza ni mwana wa Jim, Brian, ikiwa ni filamu yake ya kwanza ya sinema. Mswada uliandikwa na Jerry Juhl, na nyimbo zikatungwa na Paul Williams, ambaye alikuwa ameshiriki kuwatungia Muppets nyimbo za filamu yao ya kwanza ya mwaka 1979. Chura Kermit ni Bob Cratchit, Miss Piggy ni mkewe, na kwa hesabu ya kichekesho inayokubalika bila maswali, binti zao ni nguruwe na wana wao ni vyura. Dubu Fozzie anakuwa Fozziwig, mwajiri mkarimu wa zamani. Wale wazee wawili wakosoaji, Statler na Waldorf, wanagawana nafasi ya Marley, kwa hiyo mizimu ni wawili, ndugu Jacob na Robert. Msomaji atakayelitafakari jina hilo la pili katika ufupisho wake ataelewa utani uliofichwa, na hautahitaji kuelezwa kwa wasikilizaji wa reggae.

Uamuzi mkubwa wa Juhl, hata hivyo, ulikuwa kumpa Gonzo, kiumbe mwenye pua ndefu ya samawati, nafasi ya Charles Dickens mwenyewe, akiandamana na panya Rizzo na kusimulia kwa maneno mengi yaliyotolewa moja kwa moja kitabuni. Kwa hiyo, jambo la kushangaza, filamu ya vikaragosi ndiyo iliyohifadhi zaidi sauti ya mwandishi. Ile ya 1970 ilimnyamazisha msimulizi na kutegemea nyimbo zibebe kila kitu. Hii ya 1992 ilimrudisha, ikamtia ucheshi, na hivyo ikaweza kuziachia nyimbo kazi moja tu, ya kueleza hisia. Inapofika kwa mzuka wa Krismasi ijayo, Gonzo na Rizzo wanaogopa na kuondoka, wakiwaahidi watazamaji kwamba watakutana nao mwishoni. Mtoto anayetazama anaelewa mara moja kwamba sasa mambo si ya kuchekesha, na anaelewa pia kwamba wataruhusiwa kucheka tena. Hiyo ni huruma ya msimulizi mzuri wa ngano, na ndiyo inayoifanya filamu hii ifae watoto ingawa kaburi limo, kifo cha Tim mdogo, mwana mgonjwa wa Cratchit, kimo, na kiti chake kitupu chenye mkongojo kimo.

Katikati ya manyoya hayo yote yuko Michael Caine. Aliamua kuigiza kana kwamba yuko jukwaani na Royal Shakespeare Company, asikonyeze jicho hata mara moja, na asimtazame Kermit kwa namna tofauti na ambavyo angemtazama karani wa nyama na damu. Wimbo wa kwanza wa filamu unaimbwa juu yake, na wapita njia, na panya, hata mboga za sokoni, huku yeye akipita akiwa amejifunika kofia na uso wake haujaonekana sawasawa. Wote wanaimba, yeye haimbi. Makarani wa panya wanaimba, Cratchit anaimba akifunga ofisi, mizimu wa Marley wanaimba, Tim anaimba mezani, mzuka wa Krismasi ya sasa anaimba, na Scrooge anabaki mtu pekee asiye na wimbo katika mji unaoimba. Kwa Bricusse, wimbo ni njia ya bahili kujitetea. Kwa Williams, wimbo ndicho kile bahili alichojinyima pamoja na makaa, chakula na jamaa.

Hapa ndipo panapokuwa na mizani ya kweli ya filamu hizi mbili, yaani pale mchumba anapoondoka. Kitabuni anaitwa Belle, naye anamwambia Scrooge kijana kwamba sanamu nyingine, ya dhahabu, imechukua nafasi yake moyoni, kisha anamwachia uhuru wake bila ugomvi. Ni ukurasa mfupi. Bricusse alimgeuza mchumba huyo kuwa Isabel, binti wa Fezziwig, mwajiri wa zamani wa Scrooge, jambo ambalo Dickens hakuliandika, akampa wimbo mzuri wa furaha katika siku za mapenzi yao, na baada ya kuachana akampa Scrooge mzee wimbo wa kujutia. Ni sehemu iliyoigizwa vizuri, lakini kwa kuwa tumeshamsikia mzee huyu akiimba chuki yake, majuto yake yanatufikia kama wimbo mwingine katika mfululizo, na nguvu ya kipindi hicho inatoka usoni mwa Finney kuliko katika muziki.

Katika filamu ya 1992, Belle anaimba "When Love Is Gone" mbele ya kijana asiyeitika, na nyuma yake, bila yeye kumsikia, Scrooge mzee anaanza kuimba naye. Ni mara ya kwanza tunaisikia sauti ya Caine katika wimbo, nayo ni sauti inayotetemeka, isiyo ya mwimbaji, inayokatika kabla haijamaliza mstari. Kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. Asubuhi ya Krismasi anaimba wimbo wake wa shukrani akiwa peke yake miongoni mwa watu, na filamu inapofunga, wimbo wa mwisho unaichukua ile tuni ya kuachana na kuigeuza kuwa ya mapenzi yaliyopatikana. Mtu asiyeusikia wimbo wa kwanza hataujua wa mwisho ni jibu la nini.

Na wengi hawakuusikia, kwa sababu wimbo huo ulikatwa. Disney iliona kwamba ni wa polepole mno kwa watoto, ukaondolewa katika toleo la majumba ya sinema, ukaonekana katika kanda za video za wakati ule, kisha ukapotea tena katika nakala nyingi za baadaye. Filamu asilia yenye sehemu hiyo ilidhaniwa imepotea, ikapatikana baada ya miaka mingi, na Desemba 2022 toleo kamili likawekwa kwenye huduma ya Disney+. Mimi naona kwamba filamu yenye wimbo huo na filamu isiyo na wimbo huo ni filamu mbili, na kama iliyoko mikononi mwako ni ile iliyokatwa, pengo kati yake na ya 1970 linapungua sana, labda linakwisha.

Kuna upande mmoja ambao filamu ya Muppets inashindwa bila utetezi. Dickens aliwaweka chini ya joho la mzuka wa Krismasi ya sasa watoto wawili waliokonda, Ujinga na Uhitaji, na aliwaweka hapo kwa makusudi, kwa kuwa kitabu kizima kilizaliwa kutokana na watoto wa namna hiyo. Filamu ya 1992 imewaacha. Umaskini wake ni wa kupendeza: Cratchit anapokea mshahara mdogo, makarani wa panya wanaomba makaa na kutishwa kufukuzwa kazi, mara moja wanajifanya wako kisiwani kwenye jua, na sote tunacheka. Kitabuni mshahara huo umetajwa, shilingi 15 kwa wiki, na kwa fedha hiyo familia ya watu wanane inaishi. Neame na Bricusse, kwa kuyaweka madeni mbele, waliukaribia uchungu huo zaidi. Anayetaka vijana wa shule ya sekondari waelewe kwa nini hadithi hii iliandikwa atapata mengi ya kuzungumza nao baada ya kumtazama Finney akidai fedha zake mlango kwa mlango.

Kwa wasikilizaji ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani, jambo la kuzingatia ni matamshi ya nyimbo. Maneno ya Bricusse yametamkwa pole na kwa uwazi wa jukwaani, na maana yake mara nyingi inaonekana katika matendo. Ngoma ya juu ya jeneza haihitaji kamusi. Katika ya Muppets, utani wa Gonzo na Rizzo unapita haraka, lakini mtoto asiyeupata anashughulishwa na panya anayeshika moto, na mzazi anaweza kumweleza kinachoendelea bila kukosa mengi. Theluji tupu na bata mzinga wa zawadi huenda vikaonekana vya ajabu kwa familia inayotazama huku upepo wa kaskazi ukiingia dirishani, ila sijawahi kumwona mtoto aliyelalamikia hilo.

Filamu nyingine nitazipitia kwa haraka. Ile ya televisheni ya mwaka 2004, yenye Kelsey Grammer, ilitokana na onyesho la jukwaani lililochezwa New York kila msimu wa Krismasi kuanzia 1994 hadi 2003. Muziki ni wa Alan Menken na maneno ni ya Lynn Ahrens. Wazo lake zuri ni kumpa Scrooge utotoni baba anayefungwa kwa deni, yaani kumkopesha maisha ya Dickens mwenyewe. Zaidi ya hapo inabaki na harufu ya jukwaa lililohamishwa. Filamu ya katuni ya Netflix ya Desemba 2022, Scrooge: A Christmas Carol, inazitumia tena nyimbo za Bricusse, ambaye alikuwa amefariki Oktoba 2021, na ina sauti za Luke Evans na Olivia Colman. Rangi zake ni nyingi na watoto wadogo wataifurahia, lakini sura zilizochorwa hazina kile kilichokuwa usoni mwa Finney, na aliyeiona ya 1970 atahisi anasikiliza nyimbo anazozijua zikiimbwa chumba cha pili.

Spirited, ya Novemba 2022, ni jambo tofauti. Iliongozwa na Sean Anders kwa ajili ya Apple, ina nyimbo za Benj Pasek na Justin Paul na wenzao, na inaihamishia hadithi Marekani ya leo, ambako Ryan Reynolds ni mtaalamu wa kuuza habari za chuki na Will Ferrell ni mzuka wa Krismasi ya sasa aliyechoka na kazi yake. Hapa swali langu linapata jibu la tatu: mtu huyu mbaya anaimba vizuri tangu mwanzo, kwa sababu wimbo ni chombo chake cha biashara, na anawaimbia wauza miti ya Krismasi mpaka wanamwamini. Kuna kipindi kimoja cha kuchekesha sana ambamo salamu ya mchana mwema, ambayo kitabuni Scrooge anaitumia kumfukuza mpwa wake, inageuzwa kuwa tusi kubwa kupita yote na kuimbwa mtaa mzima. Ila filamu ina dakika 127, ina lugha isiyofaa watoto, na moja ya maono ya wakati ujao linamhusu mvulana anayejiua baada ya kudhalilishwa mtandaoni. Mzazi ajue hilo kabla, si baada. Aliyekwisha kuzijua zile mbili za kwanza ataifurahia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya utani wake ni wa kujibizana na hadithi ambayo inadhani tayari unaijua.

Kwa hiyo nyumba yenye watoto wa chini ya miaka kumi nitaipa ya 1992 bila kusita. Nyumba ya watu wazima, au ya vijana wanaoanza kuuliza fedha zinamfanyaje mtu, nitaipa ya 1970, na kama kuna mtoto mdogo aliyebaki macho, alazwe kabla ya kaburi kufunguka. Mtu anayetazama peke yake, na ambaye ana jambo la zamani analolijutia, nitamshauri achague ya Muppets hata kama hapendi vikaragosi, kwa sharti kwamba awe na toleo kamili. Kwenye Disney+ lilipowekwa lilitiwa katika sehemu ya nyongeza badala ya kuchukua nafasi ya ile fupi, kwa hiyo anayebonyeza tu picha ya filamu anaweza kupata iliyokatwa. Urefu unasaidia kutambua, kwa kuwa ile fupi ni ya dakika 85 hivi na kamili ni karibu 89. Nakala ikiwa haionyeshi urefu, subiri mpaka Belle ainuke na kuondoka kwenye theluji: ukiona panya Rizzo analia na hakuna mtu yeyote aliyeimba, nakala hiyo si yenyewe.